Madam na Kamba Ambao Hakuwahi Kuwaonja

Kwanza niseme wazi kwamba mimi ni mwoga. Naogopa ng'ombe, naogopa radi, naogopa kuvuka barabara ya Mwanjelwa mchana kweupe. Kwa hiyo nikisema nilimwogopa Madam, anayenijua atacheka na kuuliza, sasa hilo nalo ni jambo la kuandika? Lakini Madam aliogopwa hata na watu wasio waoga. Mkuu wa chuo akimwona anakuja alikuwa anakumbuka ghafla kwamba ana kikao. Mlinzi wa getini, mzee wa Kihehe mwenye mbwa wakali, alizima redio na kusimama wima. "Kamwene, Madam," alisema, na Madam akaitikia bila kupunguza mwendo.

Alitufundisha mapishi katika chuo cha hoteli kule Iringa, chuo cha kanisa. Walimu wote wa kike tuliwaita Madam, lakini ukilitaja jina hilo bila kuongeza kitu kila mtu alijua unamsema nani. Nilikuwa mwanafunzi wake, kisha nikabakizwa pale kama msaidizi wake wa jikoni, tukafanya kazi bega kwa bega miaka mingi. Nilianza kwa kumwogopa yeye. Baadaye nikawa naogopa kwa ajili yake, na hofu hiyo ya pili ilinikondesha kuliko ya kwanza.

Somo lake kubwa lilikuwa kamba, wale wa baharini. Utauliza, Iringa na kamba wapi na wapi? Hata sisi tuliuliza. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuiona bahari, na siku ya kwanza alipotumwagia kamba wabichi mezani, na macho yao yale kama punje za pilipili manga, binti mmoja kutoka Kilolo alitoka nje akatapika. Mlinzi alichungulia dirishani akasema kwa masikitiko, "Madam, ndiyo panzi wa kwao huko?" Lakini kambi za watalii za njia ya Ruaha, kule Idodi na kuendelea, zilitaka wapishi wanaowajua hao panzi. Mtu ametoka kwao kuja kuangalia tembo, jioni anataka kamba. Mwanafunzi aliyejua pilau na kuku wa kukaanga alirudi kijijini kulima viazi. Aliyejua kamba alipata kazi. Madam alikuwa anatupigania kwa njia hiyo, ingawa hakuwahi kulisema hivyo.

Kamba walikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, wamefukiwa kwenye barafu ndani ya deli, na kondakta alipewa onyo kwa simu kabla hata basi halijaondoka. Hofu ya siku ilianzia hapo. Lori likiharibika pale Kitonga, foleni inasimama mlimani, jua linapiga, na barafu inageuka maji. Tulisimama na Madam stendi ya Ipogolo tukiangalia barabara. Basi likiingia alikuwa wa kwanza kufika kwenye buti. Alifungua deli pale pale chini, abiria wanaruka miguu yake, akamchukua kamba mmoja kwa mkono wenye glavu. Alitazama kichwa kama kimeshikana na mwili, akabonyeza ganda, akanusa kwa mbali mara moja, kisha akamsogeza puani kwangu na kunikazia macho usoni.

"Unasikia nini?"

"Bahari, Madam."

"Bahari hujawahi kuiona. Unasikia nini?"

"Chumvi. Na kama... majani yaliyolowa."

"Choo cha stendi husikii?"

"Hapana, Madam."

"Una uhakika?"

Hakuna swali nililoliogopa kama hilo. Harufu ya choo cha stendi maana yake kamba wameanza kuoza, na kamba aliyeanza kuoza hafichiki kwa limao wala kwa pilipili, anamlaza mtu hospitali. Kamba hana subira, Madam alikuwa akisema. Ukiwa na wasiwasi, tupa. Nimemwona akilitupa deli zima kwenye shimo nyuma ya jiko na kulifunika kwa majivu, huku mhasibu wa chuo amesimama pembeni ameshika kichwa. Nimemwona pia akiomba, kichwa chini, kabla ya kufungua mfuniko. Tulidhani anaomba kamba wawe wazima. Kumbe alikuwa na lake.

Lake nililijua mwezi wa saba mmoja, ule wakati ambapo upepo wa Iringa unaingia mpaka kwenye mifupa. Wanafunzi walikuwa mapumziko. Tulikuwa tumechemsha vichwa na maganda ya kamba kwa ajili ya supu, na mimi kwa sababu ya baridi nilikuwa nimefunga madirisha. Nilipofunua sufuria, mvuke wote ulimwendea yeye. Alirudi nyuma, akakaa juu ya gunia la mchele. Nikaona midomo yake inavimba mbele ya macho yangu, na pumzi ikaanza kupiga filimbi kooni. Nilitaka kupiga kelele. Akanyanyua kidole.

"Funga mlango," alisema kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Nami nikaufunga. Hebu fikiria, mtu anakufa mbele yako, anakuambia funga mlango, nawe unafunga. Ndivyo nilivyomwogopa. Kisha akaniashiria nimwite nesi wa zahanati ya chuo, yeye peke yake, na nesi alipokuja na sindano hakuuliza kitu. Alikuwa anajua. Nilikaa chini sakafuni nikishika miguu ya Madam kwa sababu sikujua nishike nini, mpaka ile filimbi kooni ilipotulia.

Alipoweza kusema aliniambia kwa ufupi, kama mtu anayetoa maelekezo ya kusafisha jiko. Kamba, kaa, kome, chochote chenye ganda kutoka majini, mwili wake haukikubali. Aligundua akiwa bado anajifunza kazi, alipokuwa anawamenya, kabla hajaweka hata mmoja mdomoni. Daktari alimwambia akimla, koo litafunga na huenda lisifunguke. Kwa hiyo hakuwahi kuonja. Sosi zote zile, michanganyiko yote ile aliyotufundisha, hakuna hata mmoja aliokuwa anajua unakuwaje mdomoni.

"Chuo hakijui?" niliuliza.

"Mpishi anayeogopa chakula anachofundisha, nani atampa jiko?"

"Lakini Madam, utakufa."

"Na wewe ukisema, ninyi wote mtarudi kulima viazi. Kaoshe sufuria."

Tangu siku ile sikuwa na raha. Nilikuwa nikimtazama shingo kuliko nilivyomtazama usoni. Akikohoa, moyo wangu unaruka. Akikaa kimya jikoni, naacha ninachofanya nakwenda kuchungulia. Niliosha vijiko mara mbili mbili, nikaweka vyake kwenye kopo la peke yake na kudanganya kwamba ni vya wageni. Mume wangu alidhani nina ugonjwa wa presha. Sikuweza kumwambia hata yeye.

Ndipo nilipoelewa pia ule mtindo wa kitambaa. Madam alipochemsha au kuchoma kamba alijifunga kanga iliyoloweshwa maji puani na mdomoni, akasimama upande upepo unakotoka. Wanafunzi walipouliza aliwajibu kwa ukali kwamba mpishi hapumulii chakula cha watu. Basi nao wakawa wanajifunga. Leo hii ukizunguka majiko ya hoteli za Nyanda za Juu Kusini, popote walipotawanyika wanafunzi wake, utawakuta wamejifunga vitambaa vilivyolowa wanapopika kamba tu. Wakipika mbuzi hawajifungi. Niliwahi kumuuliza mmoja kule Idodi, kijana mwenye mwili mkubwa kama kabati, kwa nini anafanya hivyo. "Ndivyo kamba wanavyopikwa," alinijibu, akinishangaa kwamba nilisoma chuo kile kile na silijui hilo. Nikaomba maji ya kunywa.

Hofu zake nyingine zilikuwa za ajabu, na kazi yangu ilikuwa kutofautisha zipi za kweli. Alikataza katakata maziwa ya ng'ombe yasikae meza moja na kamba. Alisema mlaji atatoka mabaka mwilini. Tui la nazi halina shida, mtindi hata kuutaja usiutaje. Siku moja tulipeleka wanafunzi kwenye kambi moja ya watalii, na mpishi mkuu wa pale, mgeni kutoka nje, akamwaga krimu kwenye kikaango cha kamba. Madam alivua aproni, akawapanga wanafunzi wote mstari, akawatoa nje. Wageni walikula, wakanawa, wakaenda kulala, hakuna aliyetoka hata kipele. Asubuhi nilimwambia kwa woga, "Madam, naona wako salama."

"Subiri," alisema. Mimi bado nasubiri.

Kwenye kuchagua viungo na vinywaji hapo ndipo alipokuwa mtu mwingine. Uso ulilegea. Alikwenda mwenyewe Ilula kuchagua nyanya kwa wale akina mama wa barabarani, akikataa zile kubwa zinazong'aa, akitaka zile ndogo zenye mikunjo, kwa sababu, alisema, zina uchachu wenye akili. Tangawizi aliikwaruza kwa ukucha na kuinusa. Kitunguu saumu alikitumia kidogo mno. "Kamba ana utamu mdogo wa aibu," alituambia. "Ukimpigia kelele ananyamaza."

Chuo kilikuwa cha kanisa, pombe marufuku, kwa hiyo vinywaji vyetu vilikuwa vya halali. Kamba wa nazi aliwapa juisi ya pesheni isiyo na sukari nyingi, ili ikate mafuta ya tui. Kamba wa kuchoma aliwapa mchaichai uliochemshwa ukapoozwa. Kamba wa pilipili hakuwapa soda kabisa, alisema gesi inaamsha pilipili na mlaji hasikii kingine. Kwa kambi za watalii alitufundisha mvinyo mweupe wa Dodoma, ule usio mtamu, na alivyoufundisha ilikuwa kichekesho. Alikuwa mwanakwaya wa Kilutheri asiyekunywa. Alichovya kijiko cha chai, akauweka ulimini, akatema kwenye sinki, akasukutua, akasema, "Bwana nisamehe," halafu akatueleza habari za ule mvinyo mpaka unausikia.

Alichokipenda kuliko vyote kilikuwa ulanzi. Mwalimu mwenzake Mkatoliki alimletea siku moja, na Madam akatambua kitu, au alidhani ametambua. Ulanzi wa asubuhi, uliogemwa kwenye mianzi siku hiyo hiyo, ni mtamu kama maji ya muwa, wenyewe wanauita mtogwa. Ukikaa unachacha na kuwa mkali, ndio mkangafu. Madam aliuchagua mkangafu. Kamba wa kuchoma kwa ndimu na tangawizi, pembeni kikombe cha mkangafu baridi, kwake hiyo ndiyo ilikuwa meza iliyokamilika, bahari na mlima vimekutana. Aliwafundisha wanafunzi kwa siri, wakaipeleka Idodi, wageni wakaipiga picha.

Lakini hakuwa na ulimi wa kuthibitisha, alikuwa na macho tu. Kila mara tulipokula alisimama mbele yetu amekunja mikono, anatuangalia midomo na makoo yanavyopanda na kushuka.

"Ikoje?"

"Nzuri, Madam."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri sana, Madam."

Alitutazama mmoja mmoja. "Mnanijibu kama mnamjibu trafiki," alisema siku moja, akageuka kwenda kuangalia mkaa. Na kweli, ungemjibu nini? Mimi mwenyewe nikiulizwa nilisema kama wenzangu, wala nisingejua kusema vingine. Ukiwa na hofu, ulimi haufanyi kazi. Kila kitu kina ladha moja. Mkuu wa chuo alisifu, wageni wa dayosisi walisifu juisi zake, hata wale watalii walisifu, maana nani atamwambia mama mwenye uso ule kwamba chakula chake kina kasoro?

Siku moja tunamenya kamba, yeye na glavu zake, akasema bila kuinua kichwa, "Kuna siku nitaonja." Alisema kama mtu anayesema kuna siku nitakwenda Makambako kusalimia. Kisu kilinitoka mkononi.

"Madam, usiseme hivyo."

"Nisiseme kwa nini? Fundi cherehani anavaa nguo. Seremala anakalia kiti chake. Mimi nimekaa mbele ya mlango huu miaka yote, sijui ndani kuna nini."

Hakuna maneno yaliyonitia hofu maishani kama hayo. Tangu hapo sikumwacha peke yake na sahani. Wanafunzi wakimaliza kula nilikusanya mabaki mbio mbio, nikayamwaga kabla hajageuka. Alijua ninachofanya. Wakati mwingine aliniangalia nikikimbia na sufuria akatabasamu kidogo, na tabasamu hilo nalo liliniogopesha.

Alistaafu. Mimi nilihamia Mbeya, mume wangu alipopata kazi huku, nikafungua mgahawa mdogo Uyole. Wali wa Kyela, ndizi, maharage, kuku. Kamba kwa oda tu, na oda zenyewe haba. Nilianza kulala vizuri. Madam alikuwa akinipigia simu sikukuu, anauliza habari za nyumbani, anauliza bei ya mchele, anakata.

Msimu uliopita wa mvua akapiga siku ya kawaida.

"Nakwenda Chunya kumsalimia mwanangu, nitapita kwako. Agiza kamba kutoka Dar. Mimi nakuja na ulanzi."

"Una wageni, Madam?"

"Mimi ndiye mgeni. Nakuja kuonja."

Akakata. Niliwaza kumdanganya kwamba kamba hawakupatikana, lakini tangu lini nikaweza kumdanganya mtu yule? Nilikwenda kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya barabara, nikamweleza tabibu, nikamwomba siku hiyo asiende mbali na sindano awe nayo. Aliniuliza, "Sasa kama anajua, kwa nini anakula?" Nilimwambia tu kwamba ni mwalimu wangu.

Alishuka kwenye basi amekonda, kanga begani, na dumu la ulanzi limefungwa nusu nusu ili lisipasuke njiani. Tangu ugemwe hadi ufike ulikuwa umechacha hasa. Hakutaka kupumzika. Aliingia jikoni kwangu, akanusa kamba, akajifunga kanga iliyolowa, akachoma mwenyewe. Ndimu, tangawizi, chumvi, mafuta kidogo. Wafanyakazi wangu walikuwa wamebana ukutani kama wanafunzi wa zamani. Alitenga sahani ndogo, akamweka juu yake kamba mmoja ambaye hakummwagia ndimu nyingi. "Huyu wangu," alisema, "nataka nimsikie mwenyewe." Akaketi meza ya dirishani na kikombe cha ulanzi mbele yake. Mgahawa ulikuwa na watu, ni saa ya chakula cha mchana.

Meza ya pili, jirani kabisa na ile ya dirishani, alikaa mama mmoja mnunuzi wa mpunga kutoka Usangu, mteja wangu wa kila wiki. Wazazi wake walihamia kule na ng'ombe zao kutoka kaskazini, na yeye ni mtu wa sauti kubwa na kucheka kwa nguvu, hajui kunong'ona. Aliiona sahani ikipita. "Na mimi nipeni hicho alichopewa yule mama," alisema. "Na pombe yake pia." Nilimpelekea bila kufikiri, macho yangu yako dirishani.

Nilirudi nikakaa mbele ya Madam. Alikuwa ameshamenya, amemchoma kwa uma, uma uko njiani. Nilimshika mkono. Sikuwa nimewahi kumgusa tangu ile siku ya sakafuni.

"Madam, nakuomba."

"Niache, binti."

"Ulikuwa sahihi. Miaka yote ulikuwa sahihi, sote tulikuambia."

"Ndiyo," alisema, "nyote mliniambia." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Hapo ndipo nilipoona kwamba naye alikuwa anaogopa, anaogopa sana, na kwamba angekula hivyo hivyo. "Nikifa bila kujua, nilikuwa nafundisha nini?"

Nilikaza mkono tu. Naye alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani, uma ukawa unasogea.

"Samahani!" ilisikika sauti ya mama wa mpunga, mgahawa mzima ukageuka. "Jamani, hii pombe mmeniwekea makusudi au mmekosea?"

"Kwa nini, mama?" nilijibu upesi, sijui hata nilisema nini.

"Inaharibu! Huyu mdudu ni mtamu, sikutegemea. Ana utamu wake wa polepole hivi. Lakini mmemwagia ndimu, halafu mnanipa pombe chachu. Uchachu juu ya uchachu. Nikinywa, yeye simsikii tena. Amepotea."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Katika miaka yote sijawahi kusikia mtu akisema hivyo mbele ya Madam, na nilijua ningemwona anavunjika pale pale, meza ya dirishani, mbele ya wala maharage.

Uma ulishuka ukagonga sahani.

"Sema tena," alisema Madam.

"Kwani nisiseme?"

"Nimekuambia sema tena."

Mama wa mpunga alimtazama juu mpaka chini, uso ule uliokuwa unamkimbiza mkuu wa chuo kikaoni, wala haukumtisha hata kidogo. "Nasema inaharibu. Ama mpunguze ndimu, ama mlete kinywaji chenye utamu kidogo. Viwili hivi vinagombana, na huyu katikati anaumia."

Madam aliinuka, akavuta kiti chake mpaka meza ya pili, akakaa mbele yake karibu wagusane magoti. Nilimfuata kwa sababu sikujua la kufanya. "Kama ungekuwa ulanzi wa asubuhi," aliuliza taratibu, "mtamu, haujachacha?"

"Huo sijawahi kuunywa. Lakini nadhani ungefaa. Kwani mama, ndiwe umepika?"

"Mimi."

"Sasa mpishi gani huonji mwenyewe kabla ya kuwapa watu?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na uongo tayari, kama siku zote: Madam ana mafua, Madam amefunga, Madam ameshakula. Madam alinyanyua kidole, kile kile, nikanyamaza.

"Sijawahi kuonja," alisema kwa sauti ya darasani. "Nikila huyu nakufa."

Wafanyakazi wangu walisikia. Wateja walisikia. Kitu tulichokificha nyuma ya milango na vitambaa miaka yote hiyo kilikuwa sasa mezani, katikati ya sahani za wali, na hakuna aliyepiga kelele. Mama wa mpunga aliacha kutafuna. Alimwangalia Madam, akaangalia meza ya dirishani, akamwona yule kamba mmoja amechomwa kwenye uma. Alielewa. Alinyoosha mkono wake mnene juu ya bega langu, akaivuta ile sahani ndogo, akamtia kamba mdomoni mzima mzima.

Tulimtazama anavyotafuna. Alitafuna polepole, makusudi, amefumba macho.

"Huyu ni bora kuliko wangu," alisema.

Madam akaegemeza viwiko mezani. "Bora vipi?" aliuliza, na nikaona anasubiri jibu.